Bahati au Kukesha?

Mtu akivuna mahindi mengi kuliko jirani zake, watu husema: «Ana bahati.» Mvuvi akirudi na samaki wengi, wenzake husema vilevile. Wengine hunong'ona neno baya zaidi, kwamba amepata dawa. Hawaulizi aliamka saa ngapi, wala wavu wake aliufuma kwa siku ngapi. Naye mwenye mavuno, akisikia maneno hayo, hukasirika na kujibu: «Ni mikono yangu tu iliyofanya kazi.»

Basi hapo yako maneno mawili yanayopingana. Mmoja asema: kila jema alipatalo mtu ni bahati. Mwingine asema: kila jema alipatalo mtu ni matunda ya bidii yake. Lipi ni la kweli? Swali hili si la mchezo. Anayelijibu vibaya atamdharau mwenzake, au atajisifu mbele ya Mungu, au atakata tamaa siku ile atakapotafuta asipate.

Ili kulipima swali hilo vema, inafaa kusikiliza habari ya mtu mmoja wa Ulaya, aliyesimama uani nyuma ya nyumba yake, usiku wa baridi, akaona kitu ambacho hakuna mtu kabla yake aliyekitambua.

1. Nyota zinazotembea

Nyota za mbinguni ni maelfu, na karibu zote hushika mahali pao. Huchomoza na kutua pamoja, wala hazipitani. Mtu aliyejifunza umbo la kundi moja la nyota angali mtoto atalikuta vilevile akiwa mzee. Lakini tangu zamani sana watu waliokesha usiku, yaani wachungaji, mabaharia na wasafiri wa jangwani, walitambua nyota tano zisizotulia. Leo ziko karibu na nyota hii. Baada ya mwezi mmoja ziko karibu na nyingine. Ndizo sayari: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Zuhura ndiyo ile nyota kubwa ing'aayo kabla ya mapambazuko, au baada ya jua kutua, ambayo kila mtu wa kijiji ameiona.

Nyota huwaka zenyewe kama jua. Sayari haziwaki, bali hurudisha mwanga wa jua kama mwezi ufanyavyo. Nazo hulizunguka jua, kama dunia ilizungukavyo.

Kwa maelfu ya miaka hesabu ya sayari zionekanazo mbinguni ilibaki tano. Zohali ilihesabiwa kuwa ya mwisho, kama mti wa mpaka wa shamba. Hata wajuzi hawakutafuta sayari nyingine, kwa sababu hawakudhani iko nyingine ya kutafutwa.

2. Mpiga kinanda na dada yake

Mwaka 1738, katika mji wa Hannover, Ujerumani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Wilhelm Herschel. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi, naye mtoto akafuata kazi hiyo. Mwaka 1757, wakati wa vita, alikwenda Uingereza, na huko watu wakamwita William. Akaishi kwa kufundisha muziki, kisha akapewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath.

Mwaka 1772 alimleta dada yake Caroline akae naye. Caroline alikuwa na umri wa miaka 22. Utotoni aliugua sana, akabaki mfupi wa kimo, na mama yao alitaka awe mtu wa kazi za nyumbani tu, asijifunze kitu kingine. Kaka yake akamfundisha Kiingereza, hesabu na kuimba.

Mwaka uliofuata William alinunua kitabu kilichoeleza habari za nyota. Alipokisoma, akatamani kuyaona kwa macho yake mambo yale. Lakini darubini kubwa zilikuwa za bei ambayo mpiga kinanda hawezi kuilipa. Basi akaamua kuzitengeneza mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kama kazi ya mfua vyuma. Kioo cha darubini yake hakikuwa cha bilauri, bali cha shaba na bati zilizoyeyushwa pamoja, madini yachimbwayo pia Katanga na Maniema. Ili kukimimina kioo kikubwa, kalibu ilifinyangwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Caroline akaitwanga samadi hiyo kinuni na kuichekecha. Kioo kikiisha kupoa kilisuguliwa kwa mikono mpaka kipate umbo la bakuli lenye kina kidogo sana. Hapo mikono haikuweza kupumzika, kwa maana kazi ikikatizwa umbo huharibika. Caroline aliandika kwamba safari moja kaka yake alisugua kwa muda wa saa 16 bila kuondoa mikono, naye akawa anamtia vipande vya chakula mdomoni ili asizimie. Saa nyingine alimsomea hadithi, na mojawapo ya vitabu hivyo ni Alfu Lela Ulela, hadithi zinazopendwa hata pwani ya Afrika ya Mashariki.

Mchana William alifundisha wanafunzi wake muziki. Usiku, mbingu zikiwa wazi, alitoka nje.

3. Baridi

Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hawezi kuifahamu habari hii vema asipofikiri kidogo juu ya baridi ya Ulaya. Huko, toka Desemba mpaka Machi, usiku ni mrefu na mchana ni mfupi. Maji huganda vidimbwini. Theluji, ile ionekanayo nyeupe juu ya vilele vya Ruwenzori, huanguka hata juu ya mashamba na njia na mapaa ya nyumba. Watu hufunga milango yao, wakakaa karibu na moto.

Lakini mtazamaji wa nyota hawezi kukaa karibu na moto. Hewa ya joto ipandayo hutetemesha sura ya nyota, kama vile juu ya shamba linalochomwa miti ya nyuma huonekana ikicheza. Darubini yenyewe sharti iachwe nje mpaka ipoe sawa na hewa ya usiku. Taa kubwa nayo haifai, maana jicho lililozoea mwanga haliwezi kuona kilicho hafifu. Kwa hiyo mtu husimama uani, gizani, bila moto, jicho lake kwenye darubini, akingoja hewa itulie kwa nukta chache. Usiku mmoja wa Januari 1783, William alipokuwa amehamia kijiji cha Datchet, wino uliganda ndani ya chumba, na kioo kimoja cha darubini kikapasuka vipande viwili kwa ajili ya baridi.

Tena kutazama si kufungua macho tu. Herschel mwenyewe alifundisha kwamba kuona ni kazi inayotaka kujifunzwa, sawa na kupiga kinanda. Mtu akitia jicho kwenye darubini mara ya kwanza huona doa la mwanga linalotikisika. Baada ya usiku mia, jicho lilelile, kwa darubini ileile, huona mviringo, mistari na rangi. Doa halikugeuka, aliyegeuka ni mtazamaji.

4. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781

Tangu mwaka 1779 Herschel alikuwa amejiwekea kazi ya kuzipitia nyota zote zenye mwanga wa kutosha, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Alitafuta zile zinazoonekana mbili mbili, zimekaribiana sana. Kazi hiyo haikuwa na sifa yoyote. Ni kama kazi ya mtu anayekagua shamba kubwa la pamba, shina kwa shina, usiku kwa usiku.

Jumanne tarehe 13 Machi 1781, katika bustani ndogo nyuma ya nyumba yake katika njia ya New King Street mjini Bath, kati ya saa nne na saa tano za usiku, alikuwa akizitazama nyota ndogo karibu na mpaka wa makundi yaitwayo Ng'ombe Dume na Mapacha. Akaona moja iliyo nene kuliko wenzake.

Mtu mwingine angesema: «Ni nyota,» akapita. Herschel alibadili kioo cha jicho, akatia chenye nguvu zaidi, kisha chenye nguvu kupita hicho. Alijua kwamba nyota ziko mbali mno, hata darubini haiwezi kuzikuza. Zinabaki kama ncha ya sindano. Lakini kitu kile kilikua kila alipoongeza nguvu ya kioo. Basi hakikuwa nyota. Baada ya siku nne akakitazama tena, akakuta kimehama mahali pake.

Na hapa pana jambo la kukumbuka. Herschel hakujua alichokiona. Alifikiri ni nyota yenye mkia, namna ya zile zinazokuja na kupotea, akaandika hivyo katika habari iliyosomwa mbele ya wajuzi wa London mwezi wa Aprili. Wajuzi wa nchi nyingine, Ufaransa, Ujerumani na Urusi, walianza kuhesabu njia ya kitu hicho. Anders Lexell, aliyekuwa katika mji wa Saint Petersburg, akaonyesha kwamba kinalizunguka jua kwa njia iliyo karibu na duara, mbali sana kupita Zohali. Basi ilikuwa sayari, ya kwanza kugunduliwa tangu watu walipoanza kuandika habari za mbingu. Johann Bode wa Berlin akaipa jina la Uranus, nalo ndilo lililodumu.

Sayari hiyo iko mbali na jua kadiri ya mara 19 ya umbali wa dunia, nayo hutumia miaka 84 kulizunguka mara moja. Upana wake ni kadiri ya mara nne ya upana wa dunia. Mwaka 1986 chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 2 kilipita karibu nayo na kuleta picha zake.

5. Je, ilikuwa bahati?

Mpiga kinanda alipata sifa upesi. Mwaka 1782 mfalme wa Uingereza, George wa tatu, alimpa malipo ya kila mwaka ili aache kufundisha muziki, akazitazame nyota tu. Ndipo watu wakaanza kusema: «Amebahatika. Kitu kimepita mbele ya darubini yake.»

Herschel alilikataa neno hilo. Alieleza kwamba alikuwa akizipitia nyota zote kwa utaratibu, na usiku ule ilikuwa zamu ya nyota ile kufikiwa. Kama kazi nyingine ingalimzuia jioni hiyo, angaliiona kesho yake.

Jibu hilo lina ukweli mwingi. Bahati haikusugua kioo kwa saa 16, wala haikusimama uani wakati wengine wamelala. Anayesema «ni bahati tu» huficha taabu ya mwenzake. Humnyang'anya kwa neno moja masiku yote aliyokesha. Na neno hilo likizoeleka kijijini hugeuka sumu. Anayeamini kwamba mavuno ya jirani ni bahati au dawa hatajifunza kwake namna ya kulima. Atamwonea wivu tu, na baada ya wivu huja mashtaka, na baada ya mashtaka huja uadui.

Lakini je, jibu la Herschel limekamilika? Habari ifuatayo inaonyesha kwamba bado.

6. Walioona wasitambue

Sayari ilipokwisha kujulikana, wajuzi walifungua madaftari ya zamani, wapate kujua kama iliwahi kuonekana. Wakashangaa. Kumbe ilikuwa imeandikwa mara nyingi! John Flamsteed, mjuzi wa nyota wa mfalme wa Uingereza, aliiandika mwaka 1690, miaka 91 kabla ya Herschel, akaihesabu kuwa nyota ya kundi la Ng'ombe Dume. Pierre Lemonnier wa Paris aliiandika mara kadha wa kadha, na katika Januari ya mwaka 1769 aliiandika usiku kwa usiku.

Je, watu hao walikuwa wavivu? Hapana. Nao walikesha katika baridi ileile, miaka mingi. Lakini darubini zao hazikuwa na nguvu ya kuonyesha unene wake. Tena katika masiku yale Lemonnier alipoitazama, sayari ilikuwa mahali ambapo, ikitazamwa kutoka duniani, huonekana kama imesimama. Haikuhama, wala yeye hakuweza kushuku neno.

Mithali yasema: Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mithali hiyo ni njema kwa kumtia mtu moyo, lakini si amri inayowalazimisha matukio. Wako waliotafuta kwa haki, wakachoka, wakafa, nao hawakupata. Flamsteed alikufa mwaka 1719, naye hakujua kamwe kwamba mkono wake uliandika habari za sayari mpya.

Basi hata neno la pili, «ni mikono yangu tu,» si kweli kamili. Herschel alikesha, lakini si yeye aliyeiweka sayari pale. Si yeye aliyeondoa mawingu usiku ule. Hakujipa mwenyewe macho mazuri, wala dada mwaminifu, wala wajuzi wa nchi nyingine waliosahihisha kosa lake. Anayesema kwamba kila aliyepata amepata kwa bidii yake, upesi atasema pia kwamba kila asiyepata ni mvivu. Hapo ndipo kiburi kinapozaa ukatili.

Afikiriwe mama aliyemuuguza mtoto wake mwezi mzima, usiku na mchana, akimpa maji kwa kijiko, akitembea kwa miguu mpaka hospitali; hata hivyo mtoto akafa. Nani athubutu kumwambia kwamba hakukesha vya kutosha? Na nani athubutu kumwambia kwamba yule mwingine, ambaye mtoto wake alipona, alipenda zaidi? Wote wawili walikesha. Kukesha kulikuwa kwao. Uzima haukuwa mikononi mwao.

7. Lililo la mtu na lisilo la mtu

Sasa jibu laweza kutolewa. Katika kila jambo jema yako mambo mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni kukesha, yaani kujiweka tayari, kujifunza, kurudia, kuvumilia, kutazama kwa uangalifu. Hilo ni la mtu. Ataulizwa juu yake. La pili ni kupata. Hilo ni zawadi. Hawezi kulidai kama mshahara, wala haimpasi kumhukumu mwenzake asiyelipewa.

Mfano wa wanawali kumi katika Injili waonyesha jambo hilohilo. Taa za wale watano wenye busara hazikumleta bwana arusi. Alikuja saa aliyotaka yeye, usiku wa manane. Lakini alipokuja, wenye mafuta waliweza kumlaki, na wengine walikuwa njiani wakitafuta pa kununua. Taa haileti bwana arusi. Humwezesha mtu kumwona akija. Vivyo hivyo darubini ya Herschel haikuileta sayari. Ilimfanya awe tayari zamu yake ilipofika.

Mkatekumeni naye yuko katika hali hiyo. Miaka yake ya kujifunza hainunui Ubatizo, kwa maana neema hainunuliwi. Wala asiseme: «Kwa kuwa ni zawadi, nitalala mpaka itolewe.» Asiyejizoeza kutazama ataonyeshwa mwanga, naye ataandika «nyota,» na kupita.

8. Kisichopotea

Bado limebaki swali moja lililo zito kuliko yote. Yule aliyekesha asipate, je, mkesha wake umepotea?

Madaftari ya Flamsteed na ya Lemonnier yanasaidia kujibu. Herschel alikuwa ameiona sayari kwa miaka michache tu, na sayari yenyewe hutumia miaka 84 kuzunguka mara moja. Ili kuijua njia yake yote, wajuzi walihitaji habari za miaka mingi zaidi. Wakazipata katika maandiko ya wale walioiona wasiitambue, kwa sababu waliandika kwa uaminifu mahali hasa walipoiona, na usiku gani. Walipolinganisha habari za kale na za siku zao, wakagundua kwamba sayari haifuati sawasawa njia waliyoihesabia. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akasema: iko sayari nyingine mbali zaidi inayoivuta. Akahesabu mahali ilipo, akaandika barua Berlin. Na tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaelekeza darubini huko, akaiona usiku uleule. Ndiyo Neptune.

Hivyo kazi ya wale waliokosa ilisaidia kuonyesha kisichoonekana bado. Flamsteed alikuwa kaburini miaka zaidi ya mia. Hakupata, lakini hakupoteza.

Tena yuko Caroline. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, theluji ikiwa nzito chini, kaka yake alimwita aharakishe kuirekebisha darubini kubwa. Akakimbia gizani, akateleza, akaangukia ndoana ya chuma iliyomwingia mguuni juu ya goti. Walipomwinua, kipande cha nyama kilibaki kwenye chuma. Baadaye aliandika kwamba faraja yake ilikuwa hii: usiku uliobaki ulikuwa na mawingu, kwa hiyo kaka yake hakupoteza kitu. Mtu akisoma maneno hayo hustaajabia moyo wake. Lakini pia hujiuliza kama wenye sifa huwatazama vya kutosha wale wanaowashikia taa. Kwani ni rahisi kuzitazama nyota za mbali na kutomwona ndugu anayevuja damu uani.

Caroline naye alikesha kwa ajili yake mwenyewe kila alipopata nafasi. Kati ya mwaka 1786 na 1797 aligundua nyota nane zenye mkia, na tangu mwaka 1787 mfalme alimlipa mshahara wa kazi hiyo. Alikufa mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 97.

William alikufa mwaka 1822. Aliishi miaka 83 na miezi tisa, karibu kabisa sawa na mzunguko mmoja wa sayari yake. Lakini tangu siku alipoiona mpaka kufa kwake ilipita miaka 41 tu. Hivyo hakuiona hata nusu ya njia yake. Nyumba ya Bath ingali ipo, imekuwa makumbusho, na bustani ile ndogo bado iko nyuma yake. Uranus nayo imezunguka mara mbili tangu usiku ule, na itamaliza mzunguko wa tatu mnamo mwaka 2033.

Basi jirani akivuna vema, mtu asiseme «bahati» kabla ya kuuliza aliamka saa ngapi. Na avunaye vema asiseme «mikono yangu» kabla ya kuhesabu ni nani waliomshikia taa, na ni nani aliyeleta mvua. Na aliyekesha asipate, aandike kwa uaminifu alichokiona, afunge daftari lake kwa amani. Yuko atakayelifungua.

Maswali ya kutafakari

1. Ni lini mtu humdhulumu mwenzake kwa kusema: «Ana bahati»?

2. Kwa nini Lemonnier hakuitambua sayari, naye hakuwa mvivu?

3. Taa za wanawali wenye busara zilifanya nini, na nini hazikuweza kufanya?

4. Ni nani katika nyumba yako anayekesha ili wewe upate, na ni lini ulimshukuru?